Saa Mbili za Jumatano: Kumuaga Bi Polyxeni Drosou

"Maigizo ni ya chekechea. Kila saa isiyo ya mtihani wa taifa ni saa aliyoibiwa mtoto." Maneno hayo aliyasema mwenzetu Bwana Thrasyvoulos Mantas, mwalimu wa kemia, katika kikao cha walimu cha mwezi Mei, na wengi wetu tuliinamisha macho kwenye karatasi zetu. Amekosea. Ushahidi ni kazi ya mtu mmoja.

Bi Polyxeni Drosou, mwalimu wa lugha na fasihi, anastaafu tarehe 31 Agosti baada ya miaka thelathini na minne, yote katika shule hii. Karibu miaka yote hiyo, saa mbili za mwisho za kila Jumatano zilikuwa zake na za maigizo.

Alianza vibaya, na mwenyewe husimulia bila aibu. Katika mwaka wake wa kwanza, kwa igizo la Oktoba 28, sikukuu ambayo Ugiriki hukumbuka ilivyoingia vitani, aligawa maandishi mapema, na nafasi ya baba anayemuaga mwanawe akampa Periklis, mwanafunzi bora wa shule. Kijana alikariri kila neno. Mbele ya meya na wazazi alisimama wima, mikono ubavuni, akatamka kwa sauti safi: "Usiende, mwanangu. Anafuta machozi. Anakaa kitini." Hakufuta chozi wala hakukaa. Alitamka mpaka maelekezo ya jukwaani, kama tulivyomfundisha kukariri kila kitu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyegundua. Hilo ndilo lililomtia Bi Polyxeni hofu.

Tangu hapo hakugawa maandishi kabla ya wiki ya nne. Wiki ya kwanza hakuna maneno: ingia mlangoni, umekuja kuomba kitu, tuone unaomba nini kabla hujafungua kinywa. Ya pili, wanne wanaganda kama picha, na darasa linasema nani ana nguvu hapo na nani anaogopa. Ya tatu ndipo wanazungumza, kwa maneno yao. Asiyetaka kuigiza hakulazimishwa, lakini hakukaa bure: alishona, aliandika, alipanga yale makreti ya mapichi yaliyokuwa jukwaa letu, au alipiga kofi moja kusimamisha onyesho na kuuliza, "Kwa nini umesema hivyo?"

Miaka sita iliyopita, Stergios na Zoi walikuwa darasa moja, na baba zao walikuwa wamegombana juu ya maji ya kumwagilia miti. Watoto nao hawakusalimiana. Bi Polyxeni aliwapa kila mmoja nafasi ya baba wa mwenzake.

"Mzee, maji ni ya zamu!" akaanza Zoi, mikono kiunoni.

"Zamu yako huisha lini, wewe? Krismasi?"

"Nenda kamwagilie hicho kitambi chako!"

Darasa likavunjika mbavu. Kisha kofi moja likapigwa, na Stergios akaulizwa swali lile. Stergios, akiwa bado amevaa kofia ya baba yake Zoi, akajibu: "Kwa sababu miti yangu inakauka, na ninaona aibu kuomba."

Nisiongeze chumvi: baba zao hawajapatana mpaka leo. Lakini tangu Jumatano ile watoto wale walikwenda nyumbani kwa njia moja, wakibishana.

Wala sitadai kwamba maigizo yanaongeza alama za mtihani. Sijui, na anayeitetea sanaa kwa hoja hiyo ameshakubali kwamba alama ndiyo kipimo pekee. Ninachojua ni kwamba tunawatoa vijana wanaoweza kutamka huzuni bila kuiona usoni pa mtu. Bwana Mantas ni mwalimu hodari. Hata yeye analalamika kila mwaka kwamba wanamwandikia fomula ambazo hawazielewi. Ugonjwa ni uleule, na yeye anataka kuifunga zahanati.

Mwalimu Polyxeni, asante kwa uvumilivu wako, kwa cherehani uliyoibeba kutoka kwako, na kwa kutufundisha kungoja mtoto amalize kufikiri. Mungu akupe afya, na bustani yako ikupe kazi ya kukutosha.

Sasa nawageukia ninyi, walimu ishirini na mmoja mtakaopiga kura Alhamisi kuamua kama saa zile zigeuzwe kuwa mazoezi ya mtihani. Mwalimu Myrto Geka, aliyeketi darasani mwa Bi Polyxeni miaka miwili akijifunza kazi hii, amekubali kuzichukua. Hakuna kisingizio cha kukosa mtu. Msisubiri Septemba, msiunde kamati. Inueni mikono, mpeni Myrto saa mbili za Jumatano, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla hamjainuka vitini.