Mama Olivier wa Nyarusambu

Wasifu wa marehemu Nyirabeza Estheri, uliosomwa na mdogo wake, Ezéchias Rugaba, kwa niaba ya familia. Buffalo, New York, Jumamosi tarehe 12 Machi 2016.

Wapendwa ndugu, majirani na wachungaji, nanyi mliosafiri kutoka Louisville na Columbus: kabla ya lolote, familia inasahihisha kosa. Upande wa Kiingereza wa programu mliyoshika unasema marehemu ameacha watoto watatu na mpwa mmoja. Maneno hayo yalitolewa kwenye karatasi zake za ukimbizi, na ni uongo. Familia imekasirika, na haioni haja ya kuficha hasira hiyo nyuma ya maua. Sikilizeni maisha yake, kisha mhesabu wenyewe.

Marehemu alizaliwa mwaka 1955 katika kijiji cha Nyarusambu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Rugaba na Mama Nyamvura. Karatasi za Marekani zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, siku ambayo, tukiziamini karatasi, nusu ya waombolezaji waliomo humu walizaliwa pia. Mama yake alisema ilikuwa msimu wa mahindi mabichi, na familia inashika neno la mama.

Nyarusambu ilianzishwa na babu yake, aliyepanda huko na kaya nne akiwatafutia ng'ombe majani. Marehemu alipozaliwa, kaya zilikuwa zimefika kama arobaini, na palikuwa na kanisa la miti na darasa moja. Kuta za kanisa zilikandikwa na wanawake, paa likaezekwa na wanaume, na aliyekwepa siku ya kazi hakutozwa kitu. Alitaniwa tu hadi msimu wa pili, nayo ilitosha. Mgeni akihamia, alipelekewa maziwa siku ile ile kabla hajaulizwa jina. Mtoto akilia njiani, aliyekuwa karibu ndiye mzazi. Leo kijiji hicho kimechomwa chote. Vijana wetu wanakitafuta kwenye simu, hawakioni, wanatuuliza kama kweli kilikuwepo. Kilikuwepo, na kilikuwa na akili kuliko ofisi nyingi tulizopitia.

Alisoma katika darasa lile hadi mwaka wa nne, na mwalimu alisema wazi kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongoza. Shule ya mwaka wa tano ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto, ikaamuliwa kwamba msichana hawezi kwenda. Wavulana walikwenda, hata wale waliokuwa mkia wa darasa. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni, na ndiyo maana aliwafundisha kusoma watoto wote wa shule ya Jumapili, wasichana wakitangulia.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Bwana Rutebuka, mfugaji na mwimbaji wa sauti nzito. Mwaka uliofuata, kabla hajapata mimba, jirani yao Niyonkuru alifariki akijifungua mtoto wa kiume. Baba wa mtoto alikuwa ameshatangulia kaburini. Wazee walikaa kujadili nani amchukue. Walipokuwa bado wanakohoa na kutafuta pa kuanzia, Nyirabeza, bibi harusi wa juzi tu, alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni, yuko njiani kumtafutia maziwa. Kaya zenye ng'ombe waliozaa zikapeana zamu za kumletea. Mtoto akaitwa Olivier. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena Nyirabeza. Akawa Mama Olivier kwa mumewe, kanisani, sokoni, na baadaye kambini. Wakaja Gisubizo, Mucyo na Uwase, aliowazaa mwenyewe, na jina lile halikubadilika, kwa sababu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wa kwanza alikuwa amekwisha kupatikana. Waswahili walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Huko Nyarusambu halikuwa fumbo la kuandika kwenye kanga. Ilikuwa sheria.

Mwaka 1998 vita vilimchukua Bwana Rutebuka. Mama Olivier alishuka mlima na watoto, Olivier akiwa amembeba Uwase, na baada ya miaka ya kuhamahama wakapokelewa katika kambi moja mkoani Ruyigi, Burundi. Huko, mwaka 2012, aliitwa kwenye mahojiano ya kwenda Marekani. Afisa alimuuliza kama Olivier alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Mwingine angesema ndiyo, mambo yakaisha. Yeye hakujua kudanganya, akajibu kama mtu wa kwao anavyojibu:

"Bon, uyu ni mutoto wangu wa kwanza. Sikumuzala na tumbo, nilimuzala na mugongo."

Mkalimani, kijana wa mjini, alitafsiri nusu: hakumzaa. Afisa alitafuta neno la kuandika, akaandika mpwa. Kwa neno hilo moja, tarehe 17 Septemba 2013, Mama Olivier alitua Buffalo na watoto watatu, na wa kwanza akapelekwa Louisville pamoja na mkewe Jolie na wanawe. Familia iliomba marekebisho mara nyingi. Iliambiwa kwamba mpwa si familia ya karibu. Karibu na nani?

Hapa West Side alipanga ghorofa ya chini ya nyumba ya mbao. Alipofika, alikaa sebuleni amevaa kitenge chake kizuri, akiwasubiri majirani walete maziwa. Hakuja mtu. Siku zilipopita alimwambia Uwase, "Kumbe awa ndiyo wageni. Siye ndiyo wenyeji." Akanunua maziwa, akagonga mlango wa jirani, mzee mmoja wa Puerto Rico, ambaye alidhani anauziwa, akaingiza mkono mfukoni. Mama Olivier alicheka hadi akashika ukuta. Mzee huyo yupo nasi leo, safu ya tatu, na tangu siku ile hakumruhusu mama huyu ashike koleo la theluji mlangoni pake; aliizoa yeye.

Alifanya kazi ya kufua nguo katika nyumba ya wazee huko Amherst, akipanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, hadi Oktoba 2015 alipopimwa na kukutwa na kansa ya tumbo. Aliugua kwa uvumilivu, ila mtu mmoja hakuvumilia kumkosa, naye ni Olivier.

Olivier anafanya kazi katika ghala huko Jeffersontown, kando ya Louisville. Mwaka 2014, mama yake mkubwa, dada wa marehemu Niyonkuru, alipofariki Columbus, aliomba ruhusa akisema mama yangu amekufa. Sisi sote tungesema hivyo, kwani mama mkubwa ni nani kama si mama? Alipewa siku tatu. Jumatano tarehe 2 Machi mwaka huu, madaktari walipotuambia tuwaite watoto, alikwenda tena kwa msimamizi wake na kusema mama yangu yuko mahututi. Msimamizi alifungua kompyuta, akageuka.

"Mama yako alikufa mwaka juzi. Ruhusa nilikupa mimi. Una mama wangapi?"

"Watatu, boss," Olivier alijibu. "Uyu ndiye mwenye amebaki."

Waliokuwa karibu walicheka. Akaambiwa alete karatasi inayomtaja kuwa mwana, naye karatasi aliyonayo inamtaja mpwa. Kicheko hicho familia haijakisamehe, na mchungaji atuwie radhi.

Alhamisi, Uwase alimwekea mama simu sikioni, amwite mwanawe aje.

"Olivier, ulikula?"

"Nilikula, mama."

"Basi kuya."

"Niko nakuya, mama."

Ijumaa alivua fulana ya kazi bila ruhusa ya mtu, akapanda basi hadi Columbus. Gisubizo, aliyehamia huko kuwa mhudumu wa wagonjwa, alikuwa amepewa likizo yake tangu Alhamisi bila swali, maana yeye yumo kwenye karatasi. Angeweza kutangulia. Alikataa. "Siwezi kukuacha, kaka. Tutaingia wote," alimwambia, na akamsubiri kituoni na gari lake. Jumamosi tarehe 5 Machi 2016, walipokuwa wameipita Erie, wakikaribia Buffalo, Mucyo aliwapigia simu. Mama alikuwa amefariki. Watoto wawili wamekosa kumfumba mama yao macho kwa ajili ya neno lililoandikwa na mtu ambaye hata sura yao haikumbuki. Na juzi Olivier ametumiwa ujumbe kwamba asirudi kazini.

Marehemu ameacha watoto wanne: Olivier, Gisubizo, Mucyo na Uwase, mkwe wake Jolie, wajukuu saba, mdogo wake anayesoma haya, na watu wote wa Nyarusambu, popote walipotawanywa.

Wenye makaburi wametueleza kwamba udongo hufukiwa kwa mashine baada ya watu kuondoka. Tumewaambia mashine itasubiri. Kwetu, udongo wa kwanza huwekwa na mtoto wa kwanza. Walituuliza ni nani huyo, ili wampe nafasi, na tuliona aibu kwa niaba yao, kwa kuwa jina la mama huyu lilikuwa limeshawajibu.

Olivier, baba, sogea. Chukua koleo.

Mama Olivier, lala kwa amani mikononi mwa Bwana. Watoto wako wamefika wote.