Mwalimu Alois Kobelo na Mjomba Aliyefunga Njia

Mwalimu Alois Kobelo amefundisha historia katika shule yetu ya kati, hapa chini ya milima karibu na Mlali, kwa miaka ishirini na saba. Alianza Januari 1932, akitoka chuo cha ualimu na sanduku moja la bati. Anastaafu tarehe 31 Desemba 1958, na sanduku ni lile lile.

Muhtasari wa masomo ulimtaka afundishe wafalme wa Uingereza na Wazungu waliotafuta chanzo cha mto Nile. Alifundisha yote hayo, na wanafunzi wake walifaulu. Lakini tangu 1943, kila Ijumaa mchana, aliongeza somo aliloliita Mwanzo wa Nchi: jinsi koo zilivyoingia Uluguru, nani alifyeka msitu upi, nani alipokea bendera ya Mjerumani na nani aliikataa. Alisema siku moja hapa patakuwa na taifa, na watoto wa taifa hilo watauliza lilianzaje. Mwalimu Stambuli wa hesabu alimtania mbele ya wenzake: "Unamtafutia mtoto jina na mama yake bado hajaolewa." Kobelo akamjibu kwamba mtoto akizaliwa hana jina, majirani watampa la kwao.

Ugumu wa somo hilo anaujua kila aliyezaliwa milimani. Mkuu wa ukoo akifa, mpwa wake hukalia kigoda chake na kuchukua jina lake. Tangu siku hiyo hasemi marehemu alifanya hivi au vile. Husema "mimi nilifanya." Hurithi jina, mashamba, ugomvi na matendo ya wote waliomtangulia. Mtoto akitumwa nyumbani kuuliza habari za kale, hurudi akisema babu aliyekunywa naye uji asubuhi ndiye aliyefika hapa wakati milima ni misitu mitupu.

Mwaka 1947 mkaguzi wa shule alisoma insha iliyoeleza kwamba Mzee Lukwele alipigana na Wambunga walipovamia milima zamani, akaonana na Wajerumani wa kwanza, na kwamba wiki hii anaumwa jino. Mkaguzi aliuliza mzee huyo ana umri gani. Mwalimu Kobelo alimweleza bila kucheka kwamba jino ni la huyu aliyepo, na vita ni vya wale waliokalia kigoda kabla yake. Baada ya hapo kanuni ya darasa lake ilikuwa moja: toa "mimi," weka mtu na mwaka. Wapo wanafunzi waliosahau wafalme wote wa Uingereza, lakini kanuni hiyo hawakuisahau.

Huyo Mzee Lukwele alikuwa mjomba wake wa damu, kaka wa mama yake, Bibi Yuliana. Kwa mila ya kwao urithi hupita kwa mama, na Mwalimu ndiye mpwa mkubwa. Kijiji kizima kilijua kwamba kigoda kitamwangukia yeye, pamoja na lile shamba lililo juu ya chemchemi. Alikuwa akilipitia kila likizo na kusema hapo ndipo atakapojenga akiacha kazi.

Mwaka 1955 zikaja vurugu za matuta. Serikali iliwalazimisha watu wachimbe ngazi kwenye miteremko yote, na watu walichoka. Asubuhi moja ya Julai bwana shamba alikuta njia ya gari imezibwa kwa magogo, na vijana wakamrushia mawe. Hakuumia sana. Hakuna aliyemtaja aliyeleta magogo, kwa hiyo alikamatwa mkuu wa ukoo.

Siku ya magogo Mzee Lukwele alikuwa kwa dada yake Yuliana, kalala na homa. Jirani zake wote walilijua hilo. Lakini mahakamani, hakimu alipomuuliza kama amewahi kuwazuia watu wa serikali wasipande mlimani, alijibu kama mkuu wa ukoo anavyojibu. "Niliwazuia. Nilifunga njia kwa magogo. Nilimvua akida kilemba, nikamwambia arudi kwa aliyemtuma." Maakida hawakuwapo tena, walikuwa wakusanyaji wa kodi wa Mjerumani. Mkalimani, mtu wa mbali, alitafsiri akida kuwa mtumishi wa serikali. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri.

Mwalimu Kobelo aliomba kutoa ushahidi. Aliapa kwa Biblia, akasimama saa nzima, akafanya mbele ya mahakama kile alichokifanya kila Ijumaa. Alisema aliyefunga njia na kumvua akida kilemba ni Lukwele mwingine, mwaka ilipoanza kodi ya nyumba ya Mjerumani, na kwamba mtu huyo alifariki 1916. Huyu aliyesimama kizimbani, kodi hiyo ilipoanza, alikuwa bado mtoto mdogo. Hawa ni watu wawili. Waliokuwapo wanasema hakuna somo alilolifundisha vizuri kuliko hilo.

Hakimu, kwa haki yake, alisikiliza. Alimgeukia mzee, akamwambia kwamba kwa maneno ya mwalimu aliyefunga njia amekwisha kufa, na kama ni hivyo yuko huru kwenda nyumbani. Je, aliyefunga njia ni yeye, au siye?

Mzee Lukwele alimtazama mpwa wake kwanza. "Lukwele hajafa," alisema. "Huyu kazi yake ni watoto wa shule. Njia niliifunga mimi."

Ilikuwa kweli kwa namna anayoijua yeye. Kama angesema siye, angekuwa amekana jina, na asiye na jina hana kigoda, na ukoo usio na kigoda hauna la kusema watu wakija kupima ardhi yake. Alifungwa miaka miwili. Alifia gerezani Machi 1956.

Baada ya arobaini ukoo ulikutana kutoa jina. Bibi Regina, mama mdogo wa Mwalimu, ndiye aliyesema. "Baba, wewe uliapa kwamba Lukwele ni wawili. Sasa tukikuketisha hapa utakuwa wa tatu?" Watu walicheka, hata wanaume. Bibi Yuliana hakucheka, wala hakumtetea mwanawe. Jina, kigoda na shamba la chemchemi vikaenda kwa Benedikto, mdogo wake Mwalimu, mkulima wa kabichi, ambaye hajawahi kuapa popote.

Somo la Mwanzo wa Nchi liliondolewa kwenye ratiba mwaka 1957. Sababu iliyotolewa ni kwamba halimo katika mtihani. Sasa mikutano ya siasa inajaza viwanja vya Morogoro mjini, na wasemaji wanadai kwamba nchi lazima iijue historia yake. Wengine wao walikaa dawati la mbele kwa Kobelo. Hakuna hata mmoja aliyekuja shuleni kuuliza somo lile limekwenda wapi.

Wiki iliyopita ilifanyika sherehe ndogo ya kumuaga. Benedikto aliteremka kutoka mlimani na tenga la kabichi. Ana miaka arobaini na moja. Mwalimu ana hamsini na mitatu, na ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Walimu tulikuwa tumekaa, tunangoja mdogo amwamkie mkubwa. Mwalimu Kobelo alisimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alijibu Benedikto. Alilitua tenga, akafuta mikono. "Ulinikana mbele ya hakimu, Alois. Nililala gerezani mpaka nikafa, na wewe unajua sikuwa na kosa. Hizi kabichi kula. Shamba sikupi."

Mwalimu alisema amesikia, akamshukuru kwa kabichi. Hakumsahihisha. Stambuli alimuuliza baadaye kwa nini, yeye ambaye hakuwahi kuiachia "mimi" ipite darasani. Alisema darasa limefungwa.

Kuanzia Januari atakaa Mwembesongo, Morogoro mjini, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la Bwana Kibwana. Vijana wawili watatu wamekwisha kuuliza kama atawafundisha jioni. Hajawajibu.

Mwalimu Alois, shule hii inakushukuru kwa kazi ya miaka ishirini na saba. Ulituambia ukweli kama ulivyokuwa, na gharama yake umeilipa peke yako. Uende salama, upate afya, na chumba chako kisivuje masika.