Redio ya Mlango wa Kijani

Ndugu waombolezaji, mama yetu, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Redio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi 1969 hadi 1975, baadaye uuguzi, akahitimu 1981, na Januari 1982 akaanza kazi chumba cha upasuaji, ule mlango wa kijani mwisho wa korido, hadi alipostaafu Machi 2021.

Aliolewa tarehe 4 Agosti 1984 na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa watoto wanne, na kitinda mimba wao ndiye anayesoma hapa.

Mkuu wa chumba kile ametuomba tusiitaje redio aliyowapigia wagonjwa humo. Tunaitaja.

Siku moja kabla ya kisu, marehemu alipita kitandani kumwuliza mgonjwa anataka kusikia nini, huyu kwaya, yule dansi, na Juni 1996 seremala mmoja mwenye ngiri akasema mlio wa randa tu, basi marehemu akaenda karakana akaunasa kwenye kaseti, na kesho yake yule mzee, kachomwa ganzi mgongoni, yu macho, roho mkononi, alipousikia akafoka, "Nani huyo anaparua mbao yangu? Geuza ubao, wewe!", akagombana na kaseti mpaka mshono wa mwisho.

Mwaka 2009 mkuu akaifungia redio kabatini, akisema hapa si ukumbi wa harusi, marehemu akamjibu, "Maiti anaimbiwa, mkuu, aliye hai anyimwe?", akapewa barua ya onyo, akaikunja, akaitia mfukoni, na miaka kumi na miwili iliyobaki akawaimbia wagonjwa puani, nyuma ya barakoa, maana pua haifungiwi kabatini. Redio yake alirudishiwa siku ya kustaafu.

Aliugua moyo tangu Oktoba 2022, akafariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, kashikwa mkono na kitinda mimba wake, ambaye Jumatatu anapasuliwa kujifungua mtoto wa pili, binti ambaye mama alimwahidi kuingia naye chumba cha upasuaji, na ambaye anaogopa, hafichi, anaogopa sana.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani waliotupatia viti na mabega, na wauguzi wenzake waliojifanya viziwi alipokuwa akiimba. Nawe mkuu uliyekaa pale nyuma, asante kwa kuja, ila Jumatatu saa mbili asubuhi redio inapita mlango wa kijani, betri mpya, ndani kaseti ya mama akiimba puani.

Mama, leo umeimbiwa, nasi tulio hai hatutanyimwa. Pumzika kwa amani.