Sahani ya Bi. Wadad na Madame Lucille

Tarehe 30 Juni, Bi. Wadad Khattar anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika jiko letu, hapa Mkahawa wa Mwerezi, Montreal. Nimeombwa niandike wasifu wake. Nimekubali, ila niseme ukweli: kuna sahani moja imenivuruga akili, na karibu wasifu wote umeishia humo.

Alianza mwaka 1994 akiosha vyombo. Siku hizo wateja wenyeji waliisukuma tabule pembeni, wakidhani majani yale yaliyokatwakatwa ni pambo tu. Bi. Wadad alikuwa akitoka jikoni, mikono bado ina povu, anasimama kando ya meza mpaka mtu ale. Mwaka uliofuata tayari alikuwa mpishi mkuu. Kibe yake, nyama na ngano anayoitwanga kwenye kinu cha jiwe alichokuja nacho kutoka kwao, Zahle, inawaleta watu kila Jumatano hata theluji ikifika magotini.

Sasa hiyo sahani. Januari 1998 barafu iliangusha nyaya za umeme, mtaa mzima ukawa giza. Sisi tulikuwa na jiko la gesi. Bi. Wadad akampelekea jirani yetu, Madame Lucille mshona mapazia, sahani ya wali wa dengu. Lucille akairudisha na kipande cha pai. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo Bi. Wadad akaijaza tena. Lucille naye akaona haya, akajaza. Imekuwa ikienda na kurudi miaka ishirini na saba, leo na biringani, kesho na jamu. Bi. Wadad anaapa sahani ni ya Lucille. Lucille anaapa ni yetu. Mimi nimeuliza mara tatu nikatoka na majibu manne.

Mwezi uliopita Bi. Wadad aligawa kazi zake. Kibe alimwachia Georgette, mpishi mwenzetu, mikate akanipa mimi. Sahani hakumpa mtu.

"Hii naimaliza mwenyewe," alisema. "Siwezi kustaafu huku sahani ya watu iko kwangu."

Jumatatu akaiosha, akaikausha, akaenda nayo tupu. Sote tulisimama dirishani tumeduwaa, na Georgette akaacha vitunguu viungue. Lucille alifungua mlango, akaitazama ile sahani, macho yakamjaa machozi.

"Wadad, nimekukosea nini?"

Kumbe desturi yetu aliijua siku zote. Bi. Wadad alirudi na sahani ile ile mkononi, akaanza kukata majani ya tabule ya kuijazia, hata bila kufunga aproni.

"Mtu mzima mimi," alikuwa akijisemea, "mtu mzima, na akili zangu timamu."

Bi. Wadad, asante kwa kutulisha, na kwa kuulisha mji huu mpaka ukakuzoea. Tutakukumbuka sana, na hilo nalisema bila mzaha. Barua ya ofisi inasema kazi yako inaisha tarehe thelathini, saa kumi jioni. Madame Lucille alikuja jana kutuuliza utakuwa unakaa ghorofa ya ngapi, na kama lifti inafanya kazi. Tumempa anwani. Tunakuombea afya njema na mapumziko mema, kama utayapata.