Sauti ya Mwanamke Stoo

MSUSI: Haloo? Namba hii siijui. Ni nani?

MSHONAJI: Ni mimi, wifi. Ongea polepole.

MSUSI: Mimi nani? Laini inakwaruza.

MSHONAJI: Mke wa kaka yako. Nimeazima simu ya jirani. Yangu siiamini tena.

MSUSI: Asubuhi yote hii? Mko salama? Malkia hajambo?

MSHONAJI: Malkia hajambo, anakunywa uji. Wasiokuwa salama ni wazazi wake. Wifi, kaka yako ana mwanamke.

MSUSI: Nani, kaka? Huyo anayelala saa mbili?

MSHONAJI: Cheka tu. Mimi nimesimama kwenye korido, hatua mbili kutoka mlango wa stoo. Yumo ndani, amejifungia na komeo. Kila siku asubuhi, kabla hata ya chai. Akitoka, shati limelowa jasho na uso una raha.

MSUSI: Labda anapanga vifaa vyake. Fundi vigae ana ndoo, ana—

MSHONAJI: Ndoo zinahitaji zulia? Zulia la sebuleni amelihamishia humo. Nimemuuliza, ananiambia anazuia vumbi.

MSUSI: Zulia.

MSHONAJI: Na viatu. Vile vya kamba ameviweka kabatini, siku hizi ni ndala tu. Mtu wa ndala hasikiki akitoka, wifi. Mimi si mtoto.

MSUSI: Wifi, ndala nazo—

MSHONAJI: Ngoja, sijamaliza. Unajua tunakaa ghorofa ya tatu, na kiti cha magurudumu cha Malkia tunakiacha chini kwa mlinzi. Baba yake ndiye humbeba mgongoni, kushuka na kupanda. Sasa akifika ghorofa ya pili lazima asimame. Eti anamwonyesha ndege dirishani. Ndege gani kila siku? Pale ni mlango wa yule mama aliyehamia juzi.

MSUSI: Anasimama kila siku?

MSHONAJI: Kila siku. Anashika na ukuta, anajifanya ametulia. Mbona umeuliza hivyo?

MSUSI: Nimeuliza tu. Mtandao unakata.

MSHONAJI: Haujakata, nakusikia unavyohema. Sasa sikia la leo. Nimetega sikio mlangoni. Kuna mwanamke kwenye simu yake, ananong'ona. Anamwambia, vuta ndani. Shikilia hapo hapo. Achia taratibu, usijilazimishe. Na kaka yako anagunaguna.

MSUSI: (kimya)

MSHONAJI: Wifi?

MSUSI: Nipo.

MSHONAJI: Kimya hicho nakijua. Unamjua huyo mwanamke.

MSUSI: Wifi, niko saluni, kuna mteja ana—

MSHONAJI: Mteja gani kabla jua halijatoka vizuri? Unamficha kaka yako. Damu ni yenu, mimi wa kuja. Sawa. Begi langu na la Malkia yako mlangoni, tunakwenda kwa mama leo leo.

MSUSI: Usiende. Namjua huyo mwanamke.

MSHONAJI: Mtaje.

MSUSI: Ni mimi.

MSHONAJI: Wewe vipi?

MSUSI: Sauti ni yangu. Ni yoga, wifi, mazoezi ya kuvuta pumzi na kujinyoosha. Nilirekodi mume wangu akiwa amelala, ndiyo maana nanong'ona. Namtumia, anafuata.

MSHONAJI: Yoga. Ile ya kujikunja miguu mpaka shingoni? Kaka yako hawezi hata kuinama kufunga—

MSUSI: Malizia.

MSHONAJI: —kamba za viatu.

MSUSI: Ndala hazina kamba.

MSHONAJI: (laini inakwaruza) Tangu lini?

MSUSI: Tangu mvua ziishe. Mgongo umekamata. Mtu amepiga magoti kwenye sakafu za watu miaka yote hiyo, ulitegemea nini? Mimi kiuno kilinikatika kwa kusimama na vichwa vya watu, mteja mmoja akanifundisha. Dakika chache tu, lakini kila siku. Nikamwambia kaka hivyo hivyo. Yeye na pupa yake akakazana asubuhi nzima siku ya kwanza, akashindwa kunyanyuka.

MSHONAJI: Aliniambia ameteleza kazini.

MSUSI: Aliteleza kwenye zulia lako. Sasa ametulia, anafanya kidogo kila siku. Wewe unashona pindo, unajua. Ukivuta uzi wote kwa nguvu, kitambaa kinakunjamana.

MSHONAJI: Na mimi nalala naye kitanda kimoja. Kwa nini anifiche mimi?

MSUSI: Wifi...

MSHONAJI: Sema.

MSUSI: Wewe ulisema nini, siku ile lifti ilipokufa kabisa?

MSHONAJI: Nilisema siku akishindwa kumbeba, Malkia ataenda kukaa kwa mama. Kule nyumba ya chini, hakuna ngazi.

MSUSI: Basi.

MSHONAJI: Nilikuwa nimechoka, wifi. Nilisema tu.

MSUSI: Mwenzako aliibeba moyoni kauli hiyo. Akaja hapa saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Kaka yangu sijawahi kumwona analia. Aliniapisha nisikwambie.

MSHONAJI: Ndege wa dirishani...

MSUSI: Anapumzisha mgongo. Hataki mtoto ajue.

MSHONAJI: Ee Mungu wangu. Ngoja— komeo. Anatoka.

MSUSI: Usikate. Yukoje?

MSHONAJI: Amelowa. Nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, hajaniona. Anafungua kabati. Wifi, ametoa viatu vya kamba.

MSUSI: Leo? Sikumwambia ajaribu leo.

MSHONAJI: Anainama polepole, hajashika ukuta. Mkono umefika... amezifunga. Cha kushoto nacho. Amezifunga mwenyewe.

MSUSI: Nilimwambia. Nilimwambia itafika siku.

MSHONAJI: Anakwenda mlang— mama yangu, begi.

MSUSI: Begi gani?

MSHONAJI: La Malkia. Ameliona. Ameshika gauni lake la shule, ananiangalia. Wifi, uso wake—

MSUSI: Sema naye. Mimi niache.

MSHONAJI: (mbali na simu) Nguo za kufua hizo, mume wangu. Ziache hapo hapo. Mtoto amemaliza uji, mbebe mshuke, mtachelewa.

MSUSI: Amesema nini?

MSHONAJI: Hajasema. Amechuchumaa, Malkia anapanda mgongoni.

MSUSI: Mwambie na lile jingine. Kwamba Malkia haendi kwa mama.

MSHONAJI: Nitamwambia jioni. Salio la jirani linaisha, wifi, nisikilize. Hizo za kunong'ona, nitumie na mimi. Cherehani imenimaliza shingo, halafu zulia lile ni pana, tunatosha wa—

MSUSI: Haloo? Wifi? (simu imekatika) Haya. Kesho asubuhi, basi.