Sauti ya Leuntje Boogert kwenye Simu ya Ng'ambo

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Bi Leuntje Boogert wa meza ya mauzo ya ng'ambo anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha pampu hapa Zierikzee kwa miaka arobaini na mmoja na ushei.

Alianza Aprili 1984 kama mpiga chapa. Siku yake ya tatu kazini, karani wa simu za ng'ambo alilala na mafua, na Leuntje akaambiwa apokee simu iliyokuwa ikilia bila mtu. Aliipokea, na karani alipopona alikuta kiti kimeshapata mwenyewe.

Kiingereza alijifundisha kwa njia yake. Alikichukua Kiholanzi cha jikoni kwao, na misemo yake yote, akakigeuza neno kwa neno. Sisi tukiambiwa tumbili ametoka kwenye mkono wa shati, tunajua siri imefichuka. Mteja wa Glasgow atajulia wapi? Leuntje hakujali hata kidogo. Msafirishaji aliyeahidi kwa mara ya nne kwamba mzigo utafika Ijumaa aliambiwa, "Kamwambie paka hayo," yaani sisi hatudanganyiki, na mzigo ukafika Alhamisi. Mteja mmoja wa Ireland, ambaye vipuri vyake vilipotea bandarini, alipewa pole tunayopeana hapa kwa kuwa kwetu maneno yake yana vina: "Kwa bahati mbaya, siagi ya karanga." Krismasi ile yule bwana akatutumia katoni nzima ya siagi ya karanga, akiamini tumeishiwa. Tuliila mpaka Pasaka.

Wateja walimcheka, kisha wakaagiza tena. Walimuulizia kwa jina, ingawa hakuna hata mmoja aliyeweza kulitamka.

Mwaka 2013 akaletwa meneja mpya wa mawasiliano kutoka The Hague, kijana wa suti na shahada mbili. Mnamjua: ni mimi, Wouter Kranendonk, ninayeandika haya. Wiki yangu ya kwanza nilimsikia Leuntje akimweleza mhandisi wa Denmark kwamba anatokwa na jasho la karoti kwa wasiwasi, nikaona haya kama mtoto aliyeaibishwa na mama yake mbele ya wageni. Nikabandika juu ya mashine ya kahawa orodha ya sentensi ishirini na mbili zilizopigwa marufuku. Zote zilikuwa zake. Nikaleta mwalimu wa Kiingereza cha adabu, na Leuntje nikamhamishia stoo ya michoro huko chini. Hakubishana. Alichukua kikombe chake na ua lake la dirishani, akashuka ngazi.

Januari iliyofuata, mteja wetu wa siku nyingi, Bwana Thurlow, aliagiza pampu ya kijiji chake cha nyumba sitini kwenye nyanda za chini za Uingereza. Pampu aliyoichagua ilikuwa ndogo mno. Vijana wetu waliliona hilo, wakamwandikia kama walivyofundishwa: chaguo lake linavutia, na huenda siku moja akipata nafasi angependa kutazama ukubwa mwingine. Bwana Thurlow akasaini. Nami nikawapongeza vijana kwa barua nzuri.

Nakala ya mchoro ikateremshwa stoo kuhifadhiwa. Leuntje akasoma kina cha mfereji, akapanda ngazi mbilimbili, akaingia ofisini na kunyanyua simu.

"Weka chini hiyo simu," nikamwambia. "Orodha unaijua."

"Orodha yako kaisomee mvua!" akanijibu huku anabonyeza namba. "Nyumba sitini, Wouter. Humo mnalala watu."

Kisha, kwa Kiingereza chake kilekile, akamwambia mteja kwamba anaanguka ndani ya nyumba pamoja na mlango. Ndivyo tunavyosema tunapokwenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Bwana Thurlow, pampu uliyoagiza haifai. Ni ndogo. Maji yakija, mtaogelea jikoni."

Simu ilikuwa kwenye spika, sote tukasikia jibu.

"Sasa Bi Leuntje, mbona hamkuniambia? Miaka kumi na mitano nanunua kwenu. Nyie Waholanzi kitu kikiwa kibaya mnasema kibaya, hamna mzunguko. Nilipoona mmeandika kwa upole, nikajua mambo safi!"

Lori lenye ile pampu ndogo lilikuwa limeshafika foleni ya feri, likarudishwa. Baada ya siku mbili ikaondoka pampu kubwa. Februari mto ulifurika, na pampu ile ilifanya kazi siku kumi na tisa bila kuzimwa. Hakuna kizingiti kilichoguswa na maji. Kwa watu wa Zeeland, mkoa wetu huu, ambako familia nyingi zina ndugu aliyechukuliwa na mafuriko, hakuna fahari kubwa kuliko hiyo, na hii ni ya Leuntje.

Jumatatu iliyofuata simu ile alirudi kwenye meza yake. Orodha niliibandua Jumatano, siku ambayo yeye huwa hayupo kazini. Siku yake ya kuzaliwa ilipofika alituletea mikate ya mdalasini kama kila mwaka, na wangu akaniwekea mezani sawa na wa wengine. Tangu hapo amewafunza makarani tisa. Wanazungumza kama yeye, na nchi kumi na nne zinatuelewa vizuri.

Leuntje, imepita miaka kumi na mmoja na sijawahi kukuambia hili. Nilikuonea. Nilikutoa kwenye kazi uliyoiweza kuliko sisi sote kwa sababu niliionea haya lugha ya nyumbani kwetu, na ulipothibitisha kosa langu nikalificha. Kukushusha nilikushusha hadharani, kwa hiyo na radhi naiomba hadharani, katika jarida ambalo kila mfanyakazi atalisoma.

Asante kwa kazi yako na kwa ukali wako. Wafanyakazi wote tunakuombea afya, bustani yenye rutuba na miaka mingi ya raha. Nami, nakuomba unisamehe.