Fundi Balwinder na Kizingiti Kisichokanyagwa

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, Fundi Balwinder anastaafu baada ya kuyatumikia makumbusho yetu ya Hounslow miaka ishirini na sita. Chai yake imestaafu mapema: huisahau mpaka ipoe, halafu anatulaumu sisi wa mapokezi.

Alipofika, Mtaa wa Wahindi, onyesho letu kubwa, ulikuwa rundo la mbao zilizoletwa na meli kutoka pwani ya Kenya. Yeye ndiye aliyeusimamisha upya humu ndani: duka chini, nyumba juu, roshani zenye nakshi nyembamba kama lesi. Majumba makubwa ya London nimeyaingia yote, haya, karibu yote, lakini chini ya roshani zile hata mimi hunyamaza. Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Mwaka juzi Bi Indu wa Stanmore, aliyezaliwa juu ya duka la tatu la mtaa huo ulipokuwa bado Kenya, alitaka kuingia kwao mara moja kabla hajafa. Yuko kwenye kiti cha magurudumu, na kizingiti cha mlango wao kimeinuka kama matofali mawili. Meneja wetu, Bridget, akasema kikatwe. Mimi nikatoa wazo la kisomi: tulaze bati juu yake. Bi Indu akakataa yote mawili. Kwao kizingiti huvukwa, hakikanyagwi, hata na gurudumu. Mama yake alikipamba kila asubuhi kwa maua aliyoyachora kwa unga. Afadhali abaki nje, akasema.

Fundi akamgeukia meneja: "Mama Bridget, anza kukata miguu ya meza yako, tuone utaandikia wapi."

Kisha akainua mtaa. Si mlango, mtaa. Aling'oa sakafu yote akailaza upya juu ya mihimili, ikipanda polepole mpaka ikapita juu ya kizingiti bila kukigusa. Pembeni akaacha uwazi wa kupitisha mkono. Wageni hupita wakikodolea macho roshani, wala hawajui kwamba wamepanda.

Siku ile Bi Indu alisimamisha kiti mlangoni. Akainama, wajukuu wamemshika mabega, akaingiza mkono kwenye uwazi, akagusa kizingiti, kisha paji la uso wake. Ndipo akaingia kwao. Fundi alikuwa ameugeukia ukuta, anapima kitu kisichohitaji kupimwa.

Asante, Fundi. Ukija kututembelea chai utawekewa, nayo itapoa. Tunakuombea maisha yaliyo kama sakafu yako: yapande bila goti kupata habari.

Shamir, Mapokezi